Mchoro wa Ghuba ya Mafunjo

Asubuhi ya Ijumaa ukungu ulikuwa umelala juu ya Ziwa Nakivale kama ng'ombe aliyekataa kuinuka. Sajini Topista Kyarisiima, mpelelezi aliyetumwa kutoka Mbarara, alisimama mwaloni akitazama katikati ya ziwa, mahali ambapo mshukiwa wake alidai kwamba kiboko aliupindua mtumbwi na mtu akafa. Hapakuwa na cha kuona. Maji na mbingu vilikuwa vya rangi moja, na ndege mweupe aliyepita ungeweza kusema anaruka au anaogelea, yote yangekuwa sawa. Sauti za wanawake waliokuwa wakifua zilimfikia bila wenyewe kuonekana.

Topista hakuwa mtu wa kutazama maji. Alizaliwa na kulelewa katika kambi ya jeshi, binti wa koplo, mahali ambapo hata ndoo ilikuwa na namba yake. Lakini ziwa hili lilimfanya asahau alichokuwa akikiwaza, na hilo halikumpendeza, maana muda ulikuwa unakwisha. Sheria ilimruhusu kumweka mtu mahabusu saa arobaini na nane kabla ya kumfikisha mahakamani, na saa za Bonaventure, mshukiwa huyo, zilikuwa zinaisha jioni hiyo.

Kesi yenyewe ilikuwa fupi. Jonan Tumwebaze, mtafiti wa Mbarara, alikuwa akipima kina cha ziwa ili ajue udongo unaoletwa na mvua kutoka mashambani unalijaza kwa kasi gani. Vyombo vya kitaalamu hakuwa navyo. Alitumia mashine ya kutafutia samaki, ile ambayo watu wa ng'ambo wanaovua kwa starehe huifunga kwenye boti zao: skrini ya ukubwa wa kitabu cha sala, na kichwa cheusi cha plastiki kinachotumbukizwa majini. Kichwa hicho hupiga sauti isiyosikika kwa sikio. Sauti ikigonga chini hurudi, na skrini huchora ilichokigonga. Kwa siku kumi na moja Jonan alikuwa akilipita ziwa kwa mistari iliyonyooka, ukingo hadi ukingo, kama mtu anayelima matuta. Mpiga kasia wake alikuwa Bonaventure, mkimbizi wa Kikongo kutoka Kivu Kusini, mkulima wa maharage kule Juru, ambaye utotoni alikulia kwenye Ziwa Tanganyika.

Jumatatu waliondoka wawili. Alasiri Bonaventure alirudi peke yake, kwa miguu, nguo zikimchuruzika maji. Siku mbili watu walitafuta katikati ya ziwa, alikoonyesha yeye. Jumatano maiti ikaonekana upande wa mashariki, kwenye mafunjo yanayozunguka ghuba iliyofungwa kwa wavuvi ili samaki wazaliane. Jioni ileile Bonaventure akakamatwa.

Mtumbwi haukuonekana. Wala mashine.

Topista aligeuka akarudi kituoni, chumba kimoja cha matofali chenye mahabusu nyuma yake. Aliamuru mshukiwa aletwe.

Bonaventure alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mabega mapana, sauti ndogo. Alikaa kwenye kiti cha plastiki kama mgeni anayeogopa kukivunja.

"Kiboko alitokea upande gani?"

"Chini, Afande. Alitokea chini."

"Ulimwona?"

"Niliona maji imekuwa nyeusi."

"Wapi?"

"Katikati. Nilishaonyesha."

"Tangu Jumatatu upepo unatoka mashariki," Topista alisema. "Marehemu alipatikana mashariki. Maiti inaweza kushindana na upepo?"

"Maji ya hapa iko na njia yake."

"Nyoosha mikono."

Aliinyoosha. Upande wa ndani wa vidole, mikono yote miwili, palikuwa na mikato myembamba iliyokwenda sambamba, wekundu wake umeanza kukauka. Topista aliikumbuka karatasi ya daktari: marehemu alikufa kwa maji, hana jeraha la kupigwa, ila kifundo cha mguu wa kulia kina alama ya kitu chembamba, kama uzi mgumu.

"Hii ni nini?"

"Kasia."

"Kasia huleta malengelenge. Hii ni kamba nyembamba, imevutwa kwa nguvu zote." Akamwachia muda. "Ulimfunga mguu, Bonaventure?"

Kwa mara ya kwanza yule mtu aliinua macho. "Jonan alikuwa ananiita kaka. Mutu anaweza funga mudogo yake mguu?"

"Watu hufunga."

Bonaventure akayarudisha macho yake sakafuni.

Nje, mkuu wa kituo alikuwa akimsubiri. "Topista, hii kesi imeisha. Mtu amedanganya kuhusu mahali, mikono iko na alama, mashine imepotea. Wewe andika, mimi naweka sahihi, tunapeleka yeye kotini."

"Nipe mpaka saa kumi na moja, Afande."

"Saa kumi na moja. Si na nusu."

Simu ya Topista ikalia kabla hajajibu. Alikuwa Swaibu, fundi wa simu wa Kakoba, mmoja wa mafundi wengi wa Mbarara ambao Alhamisi alikuwa amewaachia picha ya ile mashine.

"Nyabo, ile kitu ya picha iko hapa," Swaibu alinong'ona. "Na mama aliyeleta iko hapa. Nimempa chai. Lakini kuja mbio, chai inaisha."

*

Kibanda cha Swaibu kilikuwa kontena la chuma lililopakwa rangi ya njano, bodaboda zimejipanga mbele yake kama mbuzi kivulini. Ndani, kwenye benchi, mwanamke aliyejifunga kitenge cha majani makubwa alishika kikombe kitupu kwa mikono miwili. Mashine ilikuwa mezani, skrini yake ina ufa kwenye kona, kamba ya katani imefungwa shingoni mwake.

"Wewe nani?"

"Marthe. Muke ya Bonaventure."

Basi, Topista aliwaza. Mume anaua, mke anauza. Mkono wake uliingia mfukoni ukazigusa pingu, lakini mazoea ya kazi yakamfanya aulize swali moja zaidi.

"Swaibu, alisema anauza?"

"Hapana, nyabo. Alisema, fungua, toa mambo iko ndani, weka kwa karatasi. Mimi nikamwambia, mama, hii si simu, mimi naweza kufuta tu iwe mpya. Yesu! Alipiga kelele kama nataka kuua mtu. Alisema ukifuta, umemaliza bwana yangu."

Topista aliutoa mkono kwenye pingu. Mwizi humshukuru fundi anayemfutia alama. Huyu alikuwa amepanda gari tangu alfajiri kutoka Juru kuja kuzitafuta. Akavuta stuli akaketi mbele yake.

"Uliipata wapi?"

"Ku mutumbwi. Mutumbwi ilikuwa imegeuka, imeingia mu mafunjo. Hii ilikuwa inaning'inia na kamba yake."

"Mafunjo ya wapi?"

"Kule fasi banakatazaka kuvua."

"Mume wako ndiye aliyekutuma?"

"Hapana. Ye hajui." Marthe alikiweka kikombe chini. "Ile siku aliporudi, nilifua shati yake. Matope ilikuwa nyeusi, inanuka yayi yenye kuoza. Matope ya katikati ya ziwa iko kama majivu, haina harufu. Niko nafua nguo za ule mwanaume miaka makumi mbili, najua fasi zote anaingia. Nikajua amebadanganya."

"Ukajua mumeo amedanganya polisi, halafu ukaenda kututafutia ushahidi?"

"Kama aliua, nijue. Kama hakuua, mujue."

Alilisema bila kupandisha sauti, huku nje mwendesha boda akimcheka mwenzake kwa kicheko kirefu. Topista aliichukua ile mashine. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyodhani. Pembeni, chini ya kifuniko cha mpira, kadi ndogo ya kumbukumbu ilikuwa bado mahali pake.

*

Katika Mbarara nzima palikuwa na mtu mmoja tu aliyejua kuisoma kadi ile, naye alikuwa mjane wa Jonan.

Olivia alifundisha jiografia sekondari. Kila jioni, kwa siku kumi, mumewe alimletea kadi na yeye akaiingiza kwenye kompyuta yake, akasafisha mistari, akaunganisha ramani. Nyumba yao ilikuwa Kakoba hukohuko, nyuma ya soko. Viti vya matanga vilikuwa bado uani. Topista alimwacha Marthe garini na askari, akaingia peke yake, na wakaongea Kinyankore, lugha ya nyumbani kwao wote wawili.

"Nilimwambia mchungaji nitakwenda mahakamani kila siku mpaka nimwone amefungwa," Olivia alisema, hata kabla ya salamu kuisha.

"Huenda ukafanya hivyo. Kwanza nisaidie kuona."

Olivia aliitazama kadi kwenye kiganja cha mpelelezi kwa muda mrefu. Kisha akafunga pazia ili mwanga usipige kwenye kioo, akawasha kompyuta, na ziwa likaingia chumbani.

Lilikuja taratibu kutoka upande wa kulia, likipita kama nchi inavyopita dirishani mwa gari. Juu palikuwa na bluu tupu. Chini ukanda wa manjano uliinama na kuinuka, na juu ya manjano utando mwepesi kama moshi uliokatazwa kupanda.

"Manjano ni ardhi ngumu," Olivia alieleza, na sauti yake ya darasani ikamrudia. "Utando ni tope. Jonan alikuwa akipima unene wa tope. Alisema tukiendelea hivi, wajukuu wetu watapanda mahindi hapo."

"Na hivi?"

"Samaki." Vilikuwa vitao vidogo, kama kucha zilizokatwa, vikielea kila kimoja peke yake. "Na mifereji hii ni njia za viboko. Usiku hupita hapo kwenda malishoni. Miaka na miaka, mguu juu ya mguu."

Topista aliegemea mbele. Alijiona kama anatembea chini ya ziwa lile lile la asubuhi, lakini nguo zake kavu, pasipo sauti wala upepo, njia zikipishana mbele yake kwenye mchanga usiokanyagwa na mtu. Ilimbidi ajikumbushe kutazama saa iliyoandikwa pembeni.

"Jumatatu," alisema. "Nionyeshe safari yenyewe, kwa ramani."

Olivia alifungua dirisha jingine. Mstari wa kwanza ulinyooka kutoka magharibi kwenda mashariki. Wa pili ulirudi. Wa tatu ulianza vizuri, halafu katikati ya ziwa ukakatika ukapinda, ukaenda moja kwa moja mpaka kwenye ghuba ya mafunjo, na pale ukazunguka. Topista alihesabu mizunguko saba.

"Huku hakukuwa kwenye mpango wake," Olivia alisema polepole. "Jonan hakuwa mtu wa kuacha mstari."

"Anatafuta kitu. Au anaonyeshwa kitu. Rudi kwenye picha ya chini."

Kwenye mzunguko wa sita ukatokea: umbo refu, jembamba, limechongoka upande mmoja, limelala ubavu. Nyuma yake palikuwa na kivuli, kwa maana mashine huchora hata giza linaloachwa na kitu.

"Mtumbwi," Topista alisema.

"Si wao. Wao wako juu, wanauchora. Huu umekaa chini siku nyingi, tazama tope lilivyoupanda mgongoni. Hapa kina ni mita mbili na nusu."

Baada ya hapo safari ikasimama. Walikuwa wameufunga mtumbwi kwenye mafunjo, na mashine, isiyojua kupumzika, iliendelea kuchora palepale, bluu juu, manjano chini, dakika baada ya dakika, kama anayeota ndoto moja. Saa tano na dakika sita uzi mwembamba ukashuka kutoka juu mpaka chini.

"Samaki?"

"Samaki hashuki hivyo." Olivia aliondoa mkono kwenye kompyuta. "Huyo ni mtu. Huyo ni Jonan. Alikuwa akiogelea tangu mdogo, asingeweza kuona kitu chini akaacha kukifuata."

Uzi ulipanda. Ukashuka tena, ukapanda. Mara ya tatu ulishuka, ukafika kwenye ule mtumbwi wa chini, ukabaki hapo. Walingoja. Bluu ilipita, bluu tupu, na nje bomba la jirani likawa linadondosha.

Kisha uzi wa pili ukashuka.

Olivia aligeuza uso ukutani. "Hesabu wewe," alisema. "Mimi siwezi. Niambie tu."

Topista alihesabu kwa sauti ya chini, akiandika dakika na sekunde kwenye daftari. Mmoja ulikuwa umebaki chini. Mwingine ulishuka, ukapanda, ukashuka. Mara ya kwanza alikaa chini sekunde arobaini. Mara ya tatu, thelathini. Mara ya saba hazikufika kumi na tano. Mara ya tisa ndipo nyuzi mbili zilipopanda pamoja, zimeshikana, nene kama kamba, na zilipofika juu picha nzima ikayumba, ikawa michirizi myeupe, ikakatika.

"Mtumbwi wao ulipinduka hapo," Olivia alisema, bado akitazama ukuta. "Alipotaka kumpandisha."

"Lazima nikuulize. Hawezi kuwa ndiye aliyekuwa akimzamisha?"

Mwanamke yule hakukasirika. Alirudi kwenye kiti, akapangusa macho kwa kiganja, akaitazama picha upya kama anasahihisha mtihani. "Mashine hii inaona kama tochi, eneo dogo tu chini yake. Haina sura za watu. Lakini soma sekunde ulizoandika. Arobaini, thelathini, kumi na tano. Huyu anaishiwa pumzi. Na anayemzamisha mtu akamwona hapandi, anarudia nini mara tisa?"

Topista aliangalia vidole vyake mwenyewe, upande wa ndani. Kuna mtumbwi uliozama ghubani, na mtumbwi wa mvuvi hauzami peke yake, huzama na nyavu zake. Nailoni imemkamata mmoja kwenye kifundo cha mguu. Mwingine anaivuta gizani kwa mikono mitupu mpaka inamkata nyama. Alama zilezile alizozisoma asubuhi kama za mwuaji.

"Mara tisa," Olivia alisema. Aliinuka, akanawa uso kwenye beseni, akaanza kukunja nyaya za kompyuta. "Nakuja nawe. Ile sehemu hamtaipata bila mimi."

*

Walifika Nakivale saa kumi kasorobo. Topista hakumpeleka Bonaventure ndani. Alimkalisha kwenye benchi la nje, penye hewa, akamwekea mapajani karatasi yenye mchoro. Marthe alisimama kando. Olivia alibaki mbali kidogo, karibu na gari.

"Hii ni wewe," Topista alisema, akifuata uzi kwa kalamu. "Na hii. Na hii. Mara tisa. Sasa niambie, mtumbwi ulio chini ni wa nani?"

Bonaventure aliitazama karatasi. Midomo yake ilitembea bila sauti, naye alikuwa akihesabu.

"Ya Nehemiya," alisema mwishowe. "Mudogo yangu."

"Nehemiya iko Tanzania!" Marthe alimaka. "Ulisema alikupigia simu!"

"Hakunipigia."

Ikatoka, kidogo kidogo. Miaka miwili nyuma Nehemiya alikwenda kuvua kwa siri kwenye ghuba iliyokatazwa, asirudi. Kesho yake Bonaventure alikwenda huko akakuta kasia lake likielea mlangoni mwa ghuba. Akachoma pondo kwenye matope siku nzima, asipate kitu. Nyumbani Mariette, mke wa Nehemiya, alikuwa na mimba ya mwezi wa mwisho na presha imempanda. Muuguzi alikuwa amesema asishtuliwe hata na habari ya kuku.

"Nikasema, ngoja azale kwanza. Nikamuambia, Nehemiya alipita Kikagate ku mpaka, anatafuta kazi upande ya pili, amenipigia. Alipozaa nikataka kusema ukweli. Nikakuta anacheka. Siku ingine nikakuta amekwenda Kikagate kumuuliza ku madereva. Kila mwezi anaenda. Bantu banamuambia, bwana yako alikukimbia. Sasa nitasema namna gani?"

"Ukamwambia Jonan."

"Ile aparei inaona chini, Afande. Siku kumi niliangalia inaona mawe, inaona njia ya kiboko. Siku ya kumi na moja nikamuomba. Jonan akasema, kaka, tunaacha mustari leo, tunamutafuta." Aliweka kidole juu ya uzi wa kwanza. "Alishuka mara mbili. Akaniambia, mutumbwi iko, na filé, nyavu yake, imeifunga yote, tumuletee Mariette hata kitu moja. Akashuka tena. Mi niko mukubwa yao wote wawili. Nilikuwa juu, ninashika kamba ya mutumbwi."

"Ulipokosa nguvu na mtumbwi ukapinduka, ukaja ukasema ni katikati."

"Nikisema fasi, munaenda kupata mutumbwi ya Nehemiya. Mukipata ya Nehemiya, Mariette anajua. Uongo ya kwanza ndiyo ilizaa ya pili."

Olivia alikuwa amesogea bila mtu kumwona. Hakuwa anajua Kiswahili kingi, lakini alikuwa amekifuata chote. Alisimama mbele ya yule mtu, na Bonaventure akainuka.

"Yeye alisema nini?" Olivia aliuliza. "Ya mwisho?"

"Alisema maji ya chini iko baridi, Mama. Alikuwa anacheka."

Olivia alitikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyepokea mzigo na kuukuta ni ule aliotajiwa. Akarudi garini akafunga mlango.

Mkuu wa kituo aliyasoma maelezo mapya, akashusha pumzi. "Lakini alidanganya polisi."

"Alidanganya, Afande, na nimeliandika. Atalijibu. Lakini hakuua mtu." Topista aliangalia saa. Ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika tano. "Atoke kwa dhamana. Ila ana kazi ya kufanya kwanza, kabla ya jua kuzama, na hakuna atakayemfanyia."

Bonaventure alielewa. Alitembea na mkewe kuelekea Juru, kwa Mariette, na hatua zake zilikuwa fupi, fupi.

*

Jumamosi asubuhi ukungu ulikuwa mwembamba. Olivia alikaa mbele kwenye mtumbwi wa polisi, mashine yenye ufa magotini, akiwaelekeza wapiga kasia kwa mkono: kulia, kulia tena, polepole. Mafunjo yalisimama pande zote, vichwa vyake vikiwa na umande. Kwenye skrini ardhi ya manjano iliinama, tope likaja, samaki mmoja akapita. Olivia akainua mkono.

"Hapa."

Iliwachukua wazamiaji saa mbili kuzikata nyavu. Mtumbwi ulipopanda ulikuwa mweusi kama kaa, na ubavu wake mmoja umevunjwa kuingia ndani, matundu mawili makubwa ya meno ya kiboko yakionekana wazi kwenye mbao. Topista aliyapima, akayapiga picha, akayaandika. Ndani, kati ya nyuzi na tope, walikuta kilichobaki cha Nehemiya.

Mariette alisubiri ukingoni. Alikuwa mwembamba, amevaa nguo nzuri ya Jumapili. Alipoona turubai linashushwa hakulia kwa sauti. Aliketi kwenye nyasi karibu nalo, akaweka kiganja juu yake, akakaa hivyo mpaka jua lilipofika juu ya vilima. Marthe alikaa nyuma yake. Bonaventure alisimama umbali wa hatua ishirini, kofia mkononi. Mariette hakuwa amemgeukia hata mara moja.

Topista alimngojea kadiri kazi ilivyomruhusu, kisha akachuchumaa na karatasi zake.

"Pole sana, Mama. Kuna fomu. Nitakuuliza machache tu."

Mariette alijibu: jina la marehemu, la baba yake, kijiji cha Kivu alikozaliwa. Kisha akaona kalamu imesimama.

"Hapo banaandika nini?"

"Tarehe ya kifo."

"Utaandika gani?"

"Kama haijulikani, tunaandika siku aliyopatikana. Ya leo."

"Hapana." Aliondoa mkono kwenye turubai. "Mutoto wangu alizaliwa wiki moja kisha baba yake kupotea. Ku Juru batoto bakubwa banamuambia, baba yako aliona tumbo akakimbia. Ukiandika ya leo, itakuwa kweli alikuwa fasi ingine miaka mbili, hakuya kumuona. Andika siku alikufa. Karatasi yenye muhuri imuambie baba yake alikuwa amekufa mbele hajazaliwa."

"Nahitaji mtu wa kuithibitisha hiyo siku," Topista alisema.

Mariette aliinuka, akakung'uta nyasi kwenye nguo yake. Ndipo alipogeuka, akamtazama shemeji yake usoni.

"Kuya hapa," alimwambia. "Sema siku."

Bonaventure alikuja. Alisimama mbele ya mpelelezi, kofia imekunjwa kifuani, akaitaja siku, mwezi na mwaka, na saa aliyoliokota kasia. Topista aliandika kila neno, akamsomea kwa sauti, akampa kalamu. Mariette aliinama, akaangalia mpaka sahihi ilipokwisha.